Risasi Moja, Watu Wanne na Nyati Aliyekuwa Amelala

Hapo zamani, wakati baruti ilipokuwa adimu kuliko aibu, palikuwa na kijiji katika misitu ya miyombo huko Unyamwezi. Kijiji kilikuwa na bunduki moja, mwindaji mmoja, na hamu ya nyama isiyopimika. Mwindaji huyo aliitwa Lutonja. Alikuwa hodari wa kusimulia mawindo. Kuyaleta nyumbani ndiko kulikomshinda. Sikilizeni basi, na anayetaka kukoroma akakoromee kwake.

Mwaka huo risasi za dukani zilikwisha. Likabaki ganda moja tupu, fataki yake ya kuliwashia, na baruti ya kulitosha ganda hilo tu. Kilichokosekana ni kichwa cha risasi chenyewe. Watu wakakaa, wakakubaliana: tutakitengeneza wenyewe, Lutonja apige swala, tule.

Akaitwa Kashindye, mhunzi. Akayeyusha vipande vya madini ya risasi chunguni, akamimina kwenye kalibu la kukipa kichwa umbo. Lakini kalibu lilikuwa baridi, hakuwa na subira ya kulipasha moto. Kichwa kikatoka na makunyanzi, tena na kishimo ubavuni. Kashindye akakigeuza huku, akakigeuza kule, akasema, "Swala hatakikagua." Akakipitisha mbele.

Akaitwa Bi Kalunde, mrina asali, mama wa mke wa Lutonja. Kazi yake ilikuwa kukipaka kichwa kile nta iliyochanganywa na mafuta ya kondoo, kwenye mifuo yake tu, vile vijifereji vinavyokizunguka, kipate kuteleza ndani ya mtutu. Kidogo kinatosha. Lakini Kalunde amelea watoto na wajukuu, na maishani mwake hajawahi kumpaka yeyote mafuta kidogo. Akapaka ubavuni, akapaka kisogoni, akapaka hadi kitakoni, pale panapokutana na baruti. Akakitazama kinang'aa, akaridhika. Akakipitisha mbele.

Akaitwa Mihambo, fundi wa vibatari, aliyejua kukunja bati. Kazi yake ilikuwa kuubana mdomo wa ganda ukikamate kichwa barabara, maana kikilegea, baruti inawaka bure. Mihambo aliiogopa baruti kuliko alivyomwogopa mkewe, na mkewe si mtu wa mchezo. Akanyoosha mikono, akafumba macho, akageuzia uso ukutani, akabana. Tuseme aligusa. Akakipitisha mbele.

Siku ya mawindo ikafika. Katika kijiji kile nyama hugawiwa palepale mnyama alipoangukia, na asiyekuwepo huwekewa kwato. Kwa hiyo hakuna fundi aliyebaki nyumbani. Lutonja mbele na bunduki, Kashindye nyuma yake na kapu, Mihambo na kapu, na mama mkwe nyuma kabisa na kapu kubwa kuliko yote.

Swala walimwona. Alikuwa mnene, amesimama ubavu, kama aliyeagizwa. Lutonja akamwacha. Nyuma yake, kivulini, alilala nyati dume, na Lutonja alishaanza kusikia jinsi atakavyosifiwa.

"Swala ni wa watoto," akanong'ona.

"Lutonja, tulisema swala," Kashindye akamwambia.

Akalenga nyati, akafyatua.

Bunduki haikulia. Ilikohoa. Kichwa kikatoka mtutuni kwa uvivu, kikamgonga nyati kwenye paji la uso kama mtu anayebisha hodi, kikaanguka. Nyati akafumbua macho.

Sitawaeleza walivyokimbia, maana hata wao hawakujiona. Kashindye alijikuta juu ya mti wa mtundu, Mihambo juu ya mkwaju, Lutonja juu ya mninga, na bunduki chini. Lutonja alipotulia akasikia mtu anahema juu yake. Akainua macho, akayashusha upesi. Kwenye tawi lililofuata alikaa mama mkwe wake.

Msicheke. Kwao mtu na mama mkwe hawatazamani, hawasemezani uso kwa uso, hawaketi mkeka mmoja. Kuhusu tawi, wazee hawakusema kitu. Hawakufikiri itafika huko.

Nyati akalala katikati ya miti, akaanza kucheua. Jua likapanda, koo zikakauka, mikono ikaanza kuchoka kushika matawi. Ikawa wazi kwa wote: mmoja ashuke akimbie, nyati amfuate, wengine waokoke. Na huyo atakayeshuka, ndiyo basi tena. Wakakubaliana mara moja kwamba ashuke mkosaji. Makubaliano yakaishia hapo.

Kashindye akasema, "Kichwa changu kilikuwa na kasoro, sikatai. Lakini kilitoka, na kilimfika nyati usoni. Mliotaka kifike kwa nguvu, hiyo ni kazi ya baruti, na baruti imeloweshwa mafuta. Mkosaji si mimi."

Bi Kalunde akasema, "Kashindye, mimi nililetewa kitu kina makunyanzi kuliko mimi. Nikajua kitakwama, nikakiongezea mafuta kwa huruma. Na mafuta yangefikaje kwenye baruti kama ganda lingebanwa na mwanamume? Mkosaji si mimi."

Mihambo akasema, "Kitu kimepakwa mafuta mpaka kinaponyoka vidoleni, ningekibanaje? Kambale hafungwi kifungo. Halafu, jamani, risasi ile ilikuwa ya swala. Kwa swala ingetosha, angalau angezimia kwa mshangao. Nani aliyemwamsha nyati? Mkosaji si mimi."

Kashindye na Mihambo wakamtazama Lutonja. Lutonja alikuwa anatazama magome ya mti, pahali pekee palipokuwa na adabu.

"Mimi nilipewa risasi, sikupewa maombi," akasema. "Mwindaji hafungui ganda kuchungulia ndani. Mngeniambia kuna kishimo, kuna mafuta, kuna mtu alifumba macho, ningepiga hata panzi. Watatu mlijua, mkanyamaza, mkabeba makapu. Mkosaji si mimi."

Nyati akapiga chafya.

Ndipo Bi Kalunde akajifunga kanga kiunoni. "Nimechoka na ninyi," akasema. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Nitashuka mimi."

Hakuna aliyempinga. Nasema kweli, ingawa inaniudhi: Kashindye alishusha pumzi, Mihambo akaanza kutafuta kwa macho njia ya nyumbani. Lutonja ndiye hakufurahi, maana alijua jambo ambalo wenzake hawakulifikiria. Yeye alikuwa tawi la chini. Ili mama mkwe ashuke, sharti amkanyage mkwewe begani, na hilo ni mwiko ambao ukivunjwa hata mvua hukasirika. La sivyo, mkwe ampishe. Na kumpisha kulikuwa na njia moja tu, ya kuelekea kwa nyati.

"Mihambo," akasema bibi, "mwambie mume wa binti yangu anipishe."

"Mihambo," akasema Lutonja, "mwambie mama nikimpisha, ni mimi nitakayetangulia chini."

"Mwambie nimeliona hilo."

"Mwambie binti yake ana mimba yangu. Mwambie naogopa."

Bibi akakaza fundo la kanga yake. Alimpenda binti yake, na hata mkwe huyu hakumchukia, isipokuwa siku za ugali mtupu.

"Mwambie nami naogopa," akasema mwishoni. "Lakini mimi nimesema nitashuka. Yeye hajasema kitu."

Haya, ninyi mlioketi chini bila woga, mmeshiba na mnajifanya majaji. Yuko mhunzi aliyeona kishimo akakipitisha. Yuko bibi aliyezidisha mafuta, naye peke yake amejitolea. Yuko fundi aliyebana macho badala ya ganda. Yuko mwindaji aliyeambiwa swala akaamsha nyati, na njia ya mama mkwe inapita begani mwake. Asiniambie mtu wasubiri nyati aondoke. Nyati hana pa kwenda. Mikono ya watu inalegea matawini, semeni upesi.

Je, nani alistahili kushuka?