Sauti ya Dervla Tuohy

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Hata ukiwa na matobo, ni wako, na ndio utakaoulalia. Msala upitao hupendeza macho, lakini u begani mwa mwenyewe, naye yumo safarini. Dervla Tuohy wa Galway, mji wa magharibi mwa Ireland, alilijua hilo akiwa amekwisha kuchelewa.

Kwa miaka kumi na mmoja Dervla aliigiza katika jumba dogo la maigizo karibu na bandari, ambalo paa lake lilivuja hata kwa manyunyu. Watu walitoka mashambani Connemara kwa baiskeli kuja kumsikia. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu kama asali ya mwituni. Alipolia jukwaani, wanaume walijifanya wana mafua.

Mwaka 1958, zikiwa zimebaki wiki mbili mchezo mpya uanze, watengenezaji filamu kutoka London walimwona, wakampa nafasi ya mhusika mkuu. Attracta Lavelle, mwanamke aliyeliendesha jumba lile, alivua miwani.

"Mchezo huu umeandikwa kwa ajili yako, mwanangu. Waambie wakusubiri mwezi mmoja tu."

"Hawasubiri, Bi. Lavelle," Dervla alisema, ingawa hakuwa amewauliza. "Halafu nimechoka kuigiza katikati ya ndoo."

"Ndoo hizo angalau zinakujua jina."

Dervla akacheka, akaenda zake. Huko London alikaa hotelini wiki tano kabla kamera haijawashwa. Nafasi yake Galway ilichukuliwa na Breege Noone, msichana aliyekuwa akikata tikiti mlangoni, naye akaimudu barabara.

Filamu ilifika Galway majira ya kuchipua. Dervla akaketi ndani ya sinema na mama yake, majirani wamejaa nyuma yao. Uso wake ukatokea, mkubwa kama ukuta. Alipofungua kinywa, ikatoka sauti nyembamba ya mwanamke Mwingereza.

Mama akamgeukia. "Dervla, nani huyo anayesema mdomoni mwako?"

"Sijui, Mama."

"Kwani yako ina nini?"

Walikuwa wameiondoa bila kumwambia. Lafudhi yake ya magharibi mwa Ireland haikuwapendeza. "Kaenda mzima, karudi bubu!" jirani mmoja alinong'ona, na safu nzima ikaangua kicheko. Dervla alikaa mpaka mwisho, mgongo wima.

Juma lililofuata akaenda kwa Attracta.

"Nafasi yako ina mwenyewe sasa," Attracta alimwambia bila hasira. "Ninayo ya mjakazi anayeleta chai. Maneno manne."

"Nitayasema."

Akayasema mwaka mzima, Breege akipigiwa makofi mbele yake. Miaka sita ilipita kabla hajapewa tena nafasi kubwa. Baadaye aliheshimiwa, hata akaonekana katika filamu tatu kwa sauti yake mwenyewe, akizifanya majira ya joto jumba linapofungwa. Lakini mchezo ulioandikwa kwa ajili yake, Breege aliucheza mpaka Marekani.

Waigizaji wachanga walipomuuliza habari za London, alijibu, "Kwenda sijutii. Najutia kwamba sikuwauliza kama wangesubiri."

Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.