Leo Shoka, Kesho Sale

Paukwa.
Pakawa.
Kulikuwa na nini?
Kulikuwa na mlima.
Mlima ulivaa nini?
Ulivaa msitu.
Nani aliuvua?
Tuambie wewe.

Basi sogeeni. Na wewe uliyekalia kuni, inuka, moto unazihitaji.

Hapo zamani za kale, msitu wa mlima wetu haukuwa kule juu tu kama kofia iliyomtelezea mtu kisogoni. Ulishuka mpaka nyuma ya nyumba. Migomba ya watu inaishia hapa, msitu unaanzia hapa, na katikati hakuna kitu ila ua wa sale.

Sale mnalijua, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Na desturi yake mnaijua. Mtu aliyekukosea akija mlangoni na jani la sale mkononi, humkatalii. Hata kama amekuvunja mguu, utachechemea mpaka mlangoni, utalipokea jani, utasema, "Nimesamehe." Ndivyo walivyokubaliana watu, na wanyama wa msituni nao walikubali hivyo hivyo.

Katika msitu huo alikaa Bibi Mbega. Alikuwa kima mweusi wa mitini, na mabegani alikuwa na manyoya meupe marefu, kama mama aliyejitanda shuka akienda kumwona mgonjwa. Sheria yake ilikuwa fupi: kuni zilizoanguka ni zenu, mti uliosimama ni wangu.

Na penye shamba la mwisho la migomba alikaa mwanamke kijana, jina lake Nsia.

Nsia alijifungua mwanawe wa kwanza, Ndesanjo, wakati wa masika. Mzazi kwetu hatoki nje. Hukaa ndani akilishwa mtori wa ndizi na kina mama. Lakini mvua ile ilizidi, njia zikateleza, kina mama wakachelewa, na moto ukaanza kufa. Asubuhi Nsia alipofungua mlango alikuta kuni kavu kizingitini. Asubuhi ya pili, kuni kavu. Asubuhi ya tatu alichungulia, akamwona Bibi Mbega anashuka taratibu, mkono mmoja umekumbatia kuni kifuani zisilowe. Aliziweka, akageuka, akaenda zake. Hakubisha hodi. Hakungoja kushukuriwa.

Masika ya pili yakaja. Ndesanjo akawa anakohoa, na kuni zote zilizoanguka zilikuwa mbichi kwa maji. Nsia akachukua shoka, akakata mti wa mringaringa uliosimama. Moto ukawaka, mtoto akalala. Kesho yake akaona haya. Akachuma jani la sale, akasimama msituni, akaimba:

Bibi Mbega, Bibi Mbega,
jana nilishika shoka,
leo nimeshika sale.

Bibi Mbega akashuka, akalipokea jani. "Nimesamehe," alisema. "Mtoto hajambo?"

Nsia alirudi nyumbani moyo mwepesi. Mwepesi mno, na wepesi ule ndio uliomharibu.

Baadaye akataka shamba la ulezi. Shamba la zamani lilitosha, lakini la pili lingetosha zaidi. Akakata mti wa mruka, na mwingine kando yake, na mwingine. Kesho yake alikula kwanza, akashiba, ndipo akachuma jani.

Bibi Mbega, Bibi Mbega,
jana nilishika shoka,
leo nimeshika sale.

"Nimesamehe," alisema Bibi Mbega. "Mtoto hajambo?"

Manka, jirani wa Nsia, alikuwa amesimama kwenye migomba, akaona yote. Akamuuliza Nsia kulikoni, Nsia akamweleza. Manka akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema kumbe miaka yote hii wameokota vijiti kama kuku wanaookota punje, na miti imesimama inawatazama.

Neno likapanda, neno likashuka, mteremko mzima ukalijua. Watu wakawa wanasalimiana nalo njiani: "Leo shoka?" "Kesho sale." Wapo waliochuma jani kabla hata hawajanoa shoka. Bwana mmoja alileta jani moja kwa miti ya bonde zima, na aliposamehewa akaomba arudishiwe, maana bado lilikuwa bichi.

Bibi Mbega aliwapokea wote. Angefanya nini? Aliyeletewa sale hakatai.

Miti ya mteremko ikaisha, ukabaki mmoja, mkuyu mkubwa uliosimama juu ya chemchemi. Bibi Mbega alihamia humo akiwa na mtoto mchanga, mweupe kama maziwa, kama wazaliwavyo mbega. Siku moja Nsia alikuwa anateka maji, Bibi Mbega akamwita kwa upole.

"Mama Ndesanjo, nimebakiwa na huu. Ukianguka, wangu hana pa kulala, na wako hana maji."

Nsia akasema amesikia. Na kweli alisikia.

Lakini kivuli cha mkuyu kilikuwa kinaangukia ukingo wa shamba lake la ulezi, na pale ukingoni ulezi ulichelewa kuiva. Ulezi wenyewe ungejaza ungo mmoja, labda nusu. Nsia alijiambia kwamba mti ni mti, na Bibi ni mwema. Safari hii alichuma sale kwanza, akalichomeka kiunoni, ndipo akachukua shoka. Kila alipoinua shoka, jani lilimkwaruza ubavuni.

Mkuyu ukaanguka. Maji ya chemchemi yakawa matope, yakawa machozi, yakawa jiwe kavu.

Kesho yake Nsia akaenda na jani lake.

Bibi Mbega, Bibi Mbega,
jana nilishika shoka,
leo nimeshika sale.

Kimya. Akaimba mara ya pili. Kimya. Akaimba mara ya tatu, akatazama juu, hapakuwa na tawi ambalo mtu angeweza kushukia. Akaliacha jani juu ya kisiki, akarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata mlango ukagongwa. Nsia akafungua.

Alikuwa Bibi Mbega. Amekonda, manyoya yake meupe yamekuwa rangi ya vumbi, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Na mkononi alishika jani la sale. Lilikuwa fupi, kwa sababu marefu yote yalikuwa yamekwisha kuchumwa.

"Mama Ndesanjo," alisema, "nimekosa. Jana nilichuma ndizi kwenye mgomba wako bila kuomba. Maziwa yamenikauka na mtoto alikuwa analia. Nimekuletea sale."

Nsia alimtazama machoni akitafuta kejeli. Angeipata angalau angekuwa na kitu cha kushikilia. Haikuwapo. Alikuwa mama tu, aliyekuja kuomba radhi kwa ndizi.

"Bibi," alisema Nsia, "usinipe mimi hilo."

"Nimpe nani? Ndizi ni zako."

Na jani la sale likishanyoshwa halirudishwi chini mpaka lipokelewe. Nsia alisimama, Bibi Mbega alisimama, na mkono ule mwembamba haukushuka. Hapo Nsia akalipokea.

"Nimesamehe," alisema. Aliona kama amemeza kaa la moto.

Bibi Mbega akashusha pumzi, akashukuru kwa kuinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Mtoto hajambo?"

Nsia akatazama nyuma yake. Ndani, Ndesanjo alikuwa analilia maji.

Bibi Mbega akaondoka kuelekea msitu uliobaki juu, anatembea ardhini kati ya visiki. Ninyi hamjamwona mbega akitembea chini. Ni kama mzee anayetambaa. Watu walitoka milangoni kumtazama. Yule bwana wa jani moja alijifanya anafunga mbuzi. Manka alirudi ndani akafunga mlango.

Nsia hakuchuma sale tena. Alichukua jembe, akatafuta vipande vya mkuyu vilivyo hai, akavipanda pale penye jiwe kavu, akawa anavinywesha maji ya bondeni, mtoto mgongoni, mtungi kichwani. Siku moja alikuta mtu mwingine anachimba mashimo, kumbe ni Manka. Nsia akatua mtungi, akachimba naye.

Mikuyu ikashika. Maji yakarudi kidogo kidogo, Ndesanjo akiwa tayari na mvi. Bibi Mbega hakurudi. Kila mkungu ulipoiva, Nsia alikuwa akining'iniza ndizi mpakani, na akiulizwa, husema ni za ndege. Aliona haya kusema anamngojea Bibi Mbega. Ndege walizila, mpaka Nsia akafa.

Hadithi imekata kuni zake, nami naitua hapa. Funzo lake, wanangu, ni hili: mtu mwema akikusamehe, usimgeuze wema wake kuwa ruhusa. Na huyo Nsia alikuwa wa ukoo gani, msiniulize. Nikiutaja tutagombana, asubuhi nusu yenu mtakuja kwangu na sale, na nusu nyingine itabidi niwaletee mimi.