Jirani Aliyekataa Kung'oa

Wapendwa, palikuwa na mwanamke mmoja, katika nchi ya vumbi na ng'ombe, ambaye nywele za kope zake ziligeukia ndani. Kila alipopepesa, zilimkwaruza jicho. Wewe uliyewahi kuingiwa na mchanga jichoni kwa dakika moja, fikiria mchanga usiotoka. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu mweupe. Alibaki na la kulia tu.

Alikuwa na jirani mwema. Kila wiki jirani huyo aliketi mlangoni penye mwanga, akamlaza mwenzake kichwa mapajani, akapaka vidole majivu ili unywele usiteleze, akaung'oa. Ndivyo walivyofanya mama zao.

"Taratibu, mwenzangu! Leo umeniliza kuliko mume wangu."

"Tulia wewe. Na huyo mumeo mlete, nimng'oe ndevu."

Wakacheka. Jicho likapumzika siku tano, siku sita. Kisha nywele zikaota tena, fupi na ngumu, kama mabua shambani baada ya mavuno.

Muuguzi wa macho alipopita kijijini, alimfunua mama huyo ukope mbele ya jirani yake, akaona makovu ya ugonjwa wa miaka mingi.

"Mama, nywele hazina kosa," alisema. "Zinafuata ukope unakozielekeza. Makovu yameuvuta ukope, ukajikunja ndani. Njoo zahanati tukuchome sindano ya ganzi, tuukate kidogo, tuushone utazame nje. La kushoto siwezi kukurudishia. Hili la kulia bado tunaliwahi."

"Mnipasue kwa ajili ya unywele? Nina mtu wa kuning'olea."

Wiki iliyofuata akaenda kwa jirani, akajilaza kama kawaida. Jirani hakunyoosha mkono.

"Sikung'olei tena."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Jicho lako la kushoto lilikufa mikononi mwangu, huku unanishukuru. Hili la kulia sitaliua."

Yule mwanamke aliondoka akilia, akamwita adui mbele ya watu. Siku ya tatu maumivu yalimshinda. Akaenda zahanati peke yake, kwa hasira. Na jicho likapona.

Ndugu zangu, tusimcheke mama huyu. Aliogopa kisu, nani haogopi? Lakini tujiulize: ni mambo mangapi tunayang'oa kila Jumapili, na Alhamisi yameota? Tunatubu neno baya, na uchungu uliolizaa tunaufunika. Tunamwomba Mungu aondoe unywele wa wiki hii, ila ukope asiuguse.

Na mimi nasimama zaidi kwa yule jirani. Kung'oa kulikuwa upendo, sikatai. Kulikuwa upendo kweli, kwa miaka yote ile. Ila siku alipojua, aliona afadhali apoteze rafiki kuliko rafiki apoteze macho. Je, sisi? Kaka anakuja kwetu na ulevi wake, tunampa uji wa kumzindua, tunamfichia siri kazini. Dada anakuja na kinyongo cha miaka kumi, tunampa pole ile ile. Anatushukuru, anaondoka, anazidi kupofuka.

Tumwombe Mungu ujasiri wa kumwambia tunayempenda, "Hapana, nenda ukatibiwe." Naye akituita adui, tuvumilie kuitwa hivyo hadi atakapoona.