Doh Iliyoshushwa

Ukiona mtu anasinzia kanisani, unamhesabia dhambi gani? Jibu kimoyomoyo. Uvivu? Kiburi? Maandazi ya asubuhi? Basi tulieni niwape kisa.

Kulikuwa na mama mmoja, mwalimu wa kwaya katika usharika fulani wa wilayani. Miaka tisa nyuma tezi ya shingo ilimvimba mpaka kola haifungi, akafanyiwa upasuaji, wakaitoa yote. Tezi hiyo ndiyo inayotengeneza homoni inayoupa mwili mwendo. Ikishatoka, homoni unaimeza kama kidonge kila alfajiri, kabla ya chai, maisha yako yote. Full stop. Mama hakulalamika. Alimeza, akafundisha, na kwaya yake ikaimba mpaka watu wa madhehebu mengine wakawa wanasimama madirishani kusikiliza.

Siku moja mwishoni mwa Novemba alikwenda zahanati ya usharika kuchukua dawa, akapewa boksi la bluu badala ya jeupe alilolizoea. Akauliza. Mhudumu wa dirisha la dawa, dada mwenye kucha ndefu na subira fupi, alimjibu macho yakiwa kwenye simu: "Mwalimu, ni ileile. It's the same thing, kampuni tu tofauti. Next!"

Mama akataka kujua kama hatahitaji kupimwa damu baada ya kubadilishiwa. Akaambiwa shule yake iko kanisani, pale dirishani asifundishe.

Wiki ya tano mwili ukaanza kushika breki. Januari, jua linapasua bati, mama kavaa sweta. Nywele zinabaki kwenye kitana. Akikaa anasinzia, akisimama anatafuta kiti. Na ile sauti, ndugu zangu, iliyokuwa inagonga dari na kurudi, ikawa kama ya mtu anayeburuta kitanda sakafuni.

Wanakwaya wakafanyaje? Walimpelekea uji? Mnatujua sisi. Sauti ya pili wakasema mwalimu ameshiba sifa. Sauti ya tatu wakasema ana pepo la usingizi. Na mzee wa kanisa mmoja, mwimba besi, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya zahanati, akatangaza kwamba tamasha la jimbo limebaki miezi miwili na kwaya haiwezi kuongozwa na mtu aliyelala. Akaitisha kikao cha kumvua uongozi.

Mama hakukaa kulia. Alikwenda hospitali ya wilaya akatolewa damu. Daktari alisoma majibu, akamweleza kwamba dawa ya bluu si feki, ni dawa nzuri kabisa. Ila kampuni mbili zinaweza kuandika kiwango kilekile, na mwili wa mtu mmoja usizipokee dawa zao sawasawa, na kwa homoni hii tofauti ndogo inatosha kumlaza. Ndiyo maana ukibadilishiwa unapimwa baada ya wiki sita hivi, kiwango kinarekebishwa. Akamwongezea dozi kidogo, akamwambia awe na subira, nguvu hazirudi kwa siku mbili.

Kikao kikafika kabla ya nguvu. Kilifanyika kanisani baada ya mazoezi, kwaya nzima ikiwapo. Mama akatoa karatasi ya majibu. Mzee akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja, akasema hata nyumbani kwake wamebadilisha sabuni mara tatu na mashati bado yanatakata.

Watu wakacheka. Naam, hata hapa nawaona.

Mama akakunja karatasi. Akaomba jambo moja: kabla hawajamvua, waimbe ule wimbo wa tamasha. Wakakubali, nani atakataa kuimba? Doh ya wimbo ule, yaani noti ya msingi wanayopewa kuanzia, ni G, kila mtu anajua. Mama akasogea kwenye kinanda, akabonyeza D ya chini yake, akapunga mkono.

Sauti ya kwanza wakawa wanaimbia kidevuni. Sauti ya tatu wakanung'unika kama wanasoma tangazo la msiba. Besi ndiyo ikawa aibu yenyewe. Mzee alishuka, akashuka, akatafuta sakafu akaikosa, akabaki anakohoa. Wimbo wa ushindi ukageuka wa kubembelezea watoto, na ubeti wa kwanza haukuisha.

Mzee akainua mkono, uso umeiva. "Mwalimu, umetuanzishia chini. Huo si wimbo wetu."

"Maneno si ni yaleyale, mzee?"

"Maneno ni yaleyale. Doh siyo."

"Basi wewe uliyeshindwa kuimba sasa hivi, ni mvivu?"

Mama akaikunjua tena ile karatasi, akaiweka mbele yake, na kwa sauti yake iliyokwaruza akasema: "Mimi nimeanzishiwa chini tangu Novemba. Na dirisha lililonianzishia ni la kamati yako."

Mzee akaisoma karatasi mara mbili. Kisha akauliza ni wangapi wengine waliopewa boksi la bluu. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeandika. Kesho yake alikaa mwenyewe zahanati akipekua kadi, akapata watu kumi na wanne waliochukua dawa hiyo tangu Novemba, wakaitwa wote kupimwa. Kumi na mmoja walikuwa salama. Watatu walikuwa wamezama kama mwalimu, na mmoja wao alishafukuzwa kazi ya usafi kwa kosa la kulala kazini.

Na mama? Hakuvuliwa uongozi. Siku ya tamasha hakugusa kinanda. Alifungua kinywa akawapa doh kwa sauti yake mwenyewe, na jaji mmoja akaweka kalamu chini. Kikombe kilibebwa na yule besi, akicheza mbele ya kwaya. Kiatu kimoja kilimvuka, hakugeuka kukiokota.

Mnapiga vigelegele. Vizuri. Lakini mliocheka pale kwenye sabuni, niliwasikia. Ninyi mlikuwa kwenye kikao kile, na kwa kicheko hicho mlimpigia kura ya kumtoa. Ndivyo tulivyo sisi. Tunamwona mtu amechoka, na kabla ya kumuuliza amebadilishiwa nini, tumeshampa jina. Mvivu. Mwenye pepo. Mzembe. Tuna degree ya kuhukumu na hatuna hata cheti cha kusikiliza. Tubu, halafu nenda kamuulize.

Na ninyi mliokabidhiwa madirisha ya dawa, mnaokaa mbele hapa kwenye viti vyenye mito, leo siwaombi sala. Mkibadilisha dawa ya mtu, mwambieni kabla hajaondoka dirishani. Andikeni kwenye kadi yake ilikuwa ipi, sasa ni ipi, na tarehe ya kupimwa damu. Tarehe hiyo ikifika, akute kipimo kipo, asiambiwe arudi wiki ijayo. Msituletee habari za kuunda kamati ndogo. Anzeni kesho Jumatatu, saa mbili asubuhi, mkifungua mlango.