Mama wa Tangawizi na Dirisha la Gunia

Leo nataka twende kidogo mpaka kule juu milimani, kwenye baridi ya kuuma masikio, tukamwone mama mmoja. Mama huyu alikuwa na dawa yake ya kikohozi. Si ya duka. Alikuwa anaponda tangawizi, anakata mchaichai nyuma ya nyumba, anachemsha mpaka maji yanabadilika rangi, anakamulia limau, na asali anatia mwisho, ikishapoa kidogo. Akina mama mnaoipika nyumbani nawaona mnatikisa kichwa. Ya huyu ilikuwa tamu kuliko ya kwenu, msinikasirikie. Majirani walikuwa wanaifuata na vikombe vyao mkononi.

Lakini, wapendwa, nyumbani kwake watu walikuwa wanakohoa. Baba anakohoa, watoto wanakohoa, na binti wa mwisho ndiye aliyekuwa hoi kuliko wote. Zahanati walishampeleka. Anapata nafuu, anarudishwa nyumbani, na kikohozi nacho kinarudi. Akinywa dawa ya mama koo linalainika, anatulia. Kukicha, kifua kinaanza upya.

Siku moja akaja dada wa mume, anayeishi bondeni kwenye joto. Akamwangalia mtoto, akamwangalia mama, akasema, "Wifi, sikufichi. Huyu mtoto hapa utamzika. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua, nikamlee mimi."

"Wifi yangu, niachie mwanangu. Nitamtibu."

"Umemtibu tangu lini? Mwisho wa mwezi nakuja."

Mmelisikia hilo neno? Mama anaambiwa mwanawe anachukuliwa kwa sababu yeye ameshindwa. Nani kati yenu angepata usingizi? Basi mama akajifunga kibwebwe. Alijua adui ni baridi, maana ndivyo kila mtu kule alivyosema. Akachukua gunia na matambara, akaziba dirisha la jikoni, na jikoni humo ndimo watoto walimolala, karibu na moto wapate joto. Kisha akaongeza dawa. Zamani aliipika jioni tu, sasa ikawa asubuhi na jioni. Ulikuwa msimu wa mvua, kuni mbichi. Anapuliza moto mpaka mishipa ya shingo inamsimama, machozi yanamtoka, anayafuta kwa kanga, anapuliza tena. Niambieni, huyu mama ni mvivu? Hana upendo? Kuna mtu humu ndani wa kumnyooshea kidole? Na mtoto akazidi kukohoa.

Mwezi ukiwa unakaribia kwisha, mdogo wake huyu mama akajifungua kijiji cha pili, naye mama akaitwa kumsaidia mzazi. Akaenda huku roho iko nyumbani. Aliacha sufuria nzima ya dawa, akamwambia mumewe, "Ikiisha hii, tangawizi iko pale. Usiache kuwapa."

Siku alizokaa kule zilikuwa za mateso. Alipoachiliwa alirudi mbio mbio, maana wifi alikuwa njiani. Sasa sikilizeni. Mama huyu alizoea kusikia kikohozi kabla hajaiona nyumba. Siku hiyo akafika kwenye kona, kimya. Akafika kwenye uzio, kimya. Akatupa mzigo chini, akakimbia akiliita jina la mwanawe.

Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba anafukuza kuku, anacheka mpaka anaanguka!

Mama akamgeukia mumewe. "Umewapa nini?"

Mwanamume akajikuna kichwa. "Usinigombeze. Sufuria yako ilinimwagikia siku ile ile uliyoondoka. Na kupika nyingine sijui."

"Hawajanywa kitu?"

"Hawajanywa. Na lile jiko lako limenishinda, moshi unaniliza kama mfiwa. Nimewahamishia watoto chumba cha mbele, na chakula napikia nje."

Hapa, wapendwa, ndipo pagumu. Mama aliumia. Amehangaika miezi yote, anaondoka yeye ndiyo wanapona? Angeweza kusema ni bahati tu, akawasha moto wake, akaendelea. Wengi wetu tungesema hivyo. Mimi ningesema hivyo! Lakini huyu mama alimpenda mwanawe kuliko alivyopenda kuwa sahihi. Akaingia jikoni, akawasha kuni, akateleka maji ya dawa, akasimama akitazama. Moshi ukapanda, ukatafuta pa kutokea, ukakosa, ukashuka. Binti akaingia kumfuata mama yake. Hakumaliza hata kusema "mama." Akakohoa.

Mama akamtoa mtoto nje. Akachukua jembe. Gunia likaruka, matambara yakaruka, akapiga ukuta chini ya paa udongo ukamwagika. Mumewe akaja anapiga kelele, "Wewe mama, unabomoa nyumba!"

"Nabomoa kikohozi!" akasema, akapiga tena. Mume akaona bora amsaidie. Jioni hiyo mafiga yalikuwa nje, uani, na watoto wamelala chumba cha mbele.

Wifi akaja na kanga ya kumbebea mtoto. Mtoto akamkimbia uwanja mzima, asimkamate. Wifi akahema, yeye ndiye akawa anakohoa! Akauliza, "Mmempa dawa gani?" Mama akasema, "Ile ile, wifi. Karibu kikombe." Wakakaa nje, wakanywa wote, wakacheka, na kanga ile wifi akarudi nayo tupu begani.

Semeni amina, huo ni ushindi!

Sasa tuje kwetu. Dawa ya yule mama ilikuwa nzuri, na bado ni nzuri. Kilichoumiza watoto ni moto alioipikia. Na sisi je? Baba, unamwombea mkeo apunguze hasira, na maombi yenyewe unayapigia kelele ili akusikie chumba cha pili. Mama, unamfundisha kijana heshima kwa matusi. Wazee wa kanisa, tunaitisha kikao cha upatanisho, tunatoka humo hatusalimiani. Neno ni jema, nia ni njema, na nyumba nzima inakohoa. Halafu tunasema tuongeze! Tuongeze maombi, tuongeze vikao, tuongeze kufoka.

Ndugu zangu, Mungu hajakuambia uache kuomba, wala uache kumwonya mwanao. Anakuomba ukubali jambo moja zito kulitamka: moshi huu ni wangu. Yule mama alilikubali, na angalieni alichopoteza. Hakupoteza mtoto. Hakupoteza jina. Hata dawa yake hakuipoteza.

Alipoteza moshi.