Bwana Mdogo na Nyumba ya Kimya

Jumanne tarehe tisa Juni, saa kumi na robo alasiri, gari la kukodi lilisimama mbele ya nyumba ya Salha pale Muheza. Kabla mlango wake haujafunguliwa, mtaa mzima ulikwisha kumsikia mgeni aliyekuwamo. Alikuwa analia. Dereva alisema amelia tangu uwanja wa ndege. Hata maji ya kunywa hakuyangoja. Aligeuza gari akaondoka ameziba sikio moja.

Sikilizeni vizuri, wakubwa na wadogo, kwa sababu mwishoni mtaulizwa, na aliyesinzia hatakuwa na la kujibu.

Katika habari hii wamo watu watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Bi Mize, dada wa marehemu Hatibu mume wa Salha, alipewa kumbukumbu. Kitu akikiona mara moja hakimtoki. Angeweza kukuambia ulivaa kanga gani siku ya harusi ya shangazi yako, na kwamba kanga yenyewe uliazima.

Mwalimu Mbaruku wa madrasa alipewa neno. Akisema jambo linafaa, linafaa. Akisema halifai, hata paka hushuka mezani.

Fundi Kiondo, aliyefua bati pamoja na Hatibu katika baraza moja, alipewa mkono. Nyundo yake haikukosea mahali pa kutua, na ndoo zake hazikuvuja. Maneno tu ndiyo hakuweza kuyazuia.

Salha mwenyewe alikuwa na subira, nayo ilikuwa inakaribia kwisha. Yeye na Hatibu waliishi miaka mingi bila mtoto. Mwisho Hatibu alikumbuka Ngazija, ng'ambo ya bahari, alikofanya kazi ujanani. Huko kulikuwa na kituo cha yatima, na katika kituo hicho kitoto cha kiume kilichofiwa na baba na mama. Waliomba kukilea, wakangoja. Ruhusa ilipotoka, Hatibu alikuwa amekwisha kuzikwa na Salha yuko katika eda, haruhusiwi safari. Basi Bi Mize akapanda ndege, akaenda kumleta.

Siku chache kabla hajafa, Hatibu alimwambia mkewe, "Atakayemtuliza mtoto huyu nyumbani kwetu, huyo ndiye ampe jina la nyumbani. Ila lisiwe langu. Hatibu mmoja aliwatosha."

Kwa hiyo mtoto akawa anaitwa Bwana Mdogo tu, na Bwana Mdogo hakutulia.

Lazima mjue nyumba yenyewe ilikuwaje. Tangu siku ya maziko Bi Mize aliamuru kimya. "Ndugu yangu yuko kaburini, nani atapiga kelele hapa?" Redio ikafungiwa kabatini. Kinu kikalazwa chini. Watoto wa mtaani waliocheza chandimu, wakifunga goli, walirusha mikono juu midomo imefumbwa. Jogoo alipelekwa kwa jirani akae huko mpaka eda iishe, na jirani akamla. Fundi Kiondo alikatazwa nyundo; akawa anakunja bati kwa mikono kama anayekunja chapati.

Ndani ya kimya hicho Bwana Mdogo alilia. Alilia akibebwa, alilia akilazwa. Chupa ya maziwa aliisukuma kwa ulimi. Walimpa uji mwepesi, akaupuliza ukamwingia Bi Mize machoni.

"Kelele zinamsumbua," alisema Bi Mize, akijipangusa. "Tunyamaze zaidi."

Wakanyamaza zaidi. Wakaanza kutembea bila ndala. Naye akalia zaidi.

Alhamisi akaja bibi wa ustawi wa jamii. Alimpima mtoto, akamtazama Salha kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Salha hofu. "Mama, ruhusa hii waliomba mume na mke. Sasa namkuta mjane, na mtoto hanywi. Nitarudi Jumatatu. Nikimkuta hivi, itabidi arudi alikotoka."

Salha alimpokea mtoto. Alipobaki peke yake alikishika kile kisigino kidogo, akakiambia, "Umefiwa, nimefiwa. Tungefaana mimi na wewe. Mbona hutaki?"

Jumatatu asubuhi Bi Mize alikuwa jikoni, akaangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji. Ukalia ngwaaa, ukazunguka, ukatulia.

Bwana Mdogo alinyamaza. Alifumbua macho kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kisha akaanza upya.

Bi Mize alisimama na mwiko mkononi. "Wifi! Nimekumbuka. Kule kituoni, nyuma ya ukuta wa chumba cha watoto, kuna mafundi wanaofua mapipa. Asubuhi mpaka jioni! Mimi nilitoka na kichwa kinaniuma, na watoto wote wamelala kama wafu."

"Wifi!" Salha alimkemea.

"Kama malaika. Mtoto huyu haogopi kelele, wifi. Anaogopa kimya chetu."

Salha aliushika mfuniko akaupiga kwa mwiko. Mtoto akapiga ukelele zaidi. Bi Mize akajaribu, ikawa vibaya kuliko mwanzo.

"Inataka nyundo ya fundi," alisema Salha.

Hapo Bi Mize aliketi chini. "Nyundo katika nyumba ya eda? Watu watasema tunasherehekea. Mimi ndiye niliyewanyamazisha hata wacheza mpira. Sithubutu."

Wakamwita Mwalimu Mbaruku. Alikaa barazani, Salha nyuma ya pazia la mlango. Mwalimu aliwaza sana, maana hakuwa mtu wa haraka, na muda wote huo mtoto hakumpunguzia.

"Mjane amekatazwa kujipamba," alisema mwisho. "Amekatazwa manukato, amekatazwa kuposwa, amekatazwa kutoka bila dharura. Habari ya jogoo sijaisoma popote."

"Kwa hiyo, Mwalimu, siku zote hizi..."

"Hamkuniuliza, Bi Mize. Mlikuwa mmenyamaza."

Akasimama mbele ya nyumba, akawatangazia majirani waliokwisha kukusanyika, "Nyundo itakayosikika hapa leo ni dawa ya yatima. Mwenye neno aje aniambie mimi." Yule jirani wa jogoo aliangalia pembeni.

Ndipo Fundi Kiondo akaja na nyundo yake na bati la ndoo. Alipiga haraka haraka, mtoto akalia. Akapiga taratibu, mtoto akalia. "Huyu ni mteja mgumu kuliko wewe, Bi Mize," alisema.

"Piga, wacha maneno."

Akafumba macho. Akaanza pigo la kukunja ukingo wa ndoo, zito, zito, jepesi, kama alivyopiga miaka yote ameketi mkabala na Hatibu. Nyuma ya pazia kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Salha akatia chupa. Bwana Mdogo akanyonya, akanyonya, mpaka chupa ikatoa upepo.

Bibi wa ustawi alipofika alipiga hodi mpaka akachoka, hakuna aliyemsikia. Akajiingiza mwenyewe, mikono masikioni. "Ndiyo malezi haya? Mtoto atalalaje? Fundi, acha mara moja!"

Fundi akaacha. Bwana Mdogo akafumbua jicho, akavuta pumzi, akatoa sauti iliyomwangushia yule bibi miwani.

"Gonga!" alipiga kelele bibi wa ustawi. "Gonga, baba, gonga!"

Fundi akagonga. Bibi akaona chupa tupu, akaona mtoto amelala kifuani pa Salha ameshika ukingo wa kanga. "Abaki," alisema. Ilibidi aseme mara mbili, maana ya kwanza haikusikika. Salha aliisikia zote mbili.

Alipoondoka tu, mzozo wa jina ukaanza.

"Ni haki yangu," alisema Bi Mize. "Mimi nimekumbuka. Bila mimi mngenyamaza mpaka leo. Ataitwa Mabruki, jina la baba yetu."

"Bila wewe tusingenyamaza hata siku moja," alijibu Mwalimu. "Ulifunga kamba mwenyewe ukashindwa kuifungua. Nimeifungua mimi. Ataitwa Lukmani."

"Kukumbuka ni maneno, na kuruhusu ni maneno," alisema Fundi, akiendelea kugonga. "Mtoto hakulazwa na maneno. Mkono huu hapa! Nami namwita Nyundo."

"Mtoto wa watu aitwe Nyundo?"

"Si ndiyo anayoipenda?"

Wakamgeukia Salha awaamulie. Lakini Salha alikuwa amekumbuka jambo. Kulikuwa na video fupi ya simu iliyotoka kituoni, watoto wengi kitandani. Hatibu aliitazama akiwa mgonjwa, akaiweka simu sikioni badala ya machoni, akacheka kwa mara ya mwisho. "Huyu wa pembeni, Salha. Sikia nyundo hizo, naye amelala. Huyu ni wetu." Wakati ule Salha alidhani ni homa inayosema.

Aliwaeleza kutoka nyuma ya pazia. Fundi Kiondo alisahau kugonga. Bi Mize akajifunika uso kwa kanga. Mwalimu akainama.

Bwana Mdogo akaanza kulia.

"Gonga!" wakasema wote watatu.

Jina halijatolewa hadi leo. Ninyi mliosikia, semeni. Haki ya kumpa mtoto jina ni ya Bi Mize aliyekumbuka, ingawa kimya kilikuwa chake? Ni ya Mwalimu aliyefungua njia, au ya Fundi aliyeipita? Au ni ya yule aliyemchagua kwa sikio, ambaye alikataza jina lake na hayupo kutaja jingine? Je, wewe ungeamua vipi?

Mkiwa bado mnafikiri, inueni mikono. Ewe Mola, mrehemu Hatibu, na baba na mama wa mtoto huyu waliolala ng'ambo. Wasamehe walipokosea, yapanue makaburi yao, uyatie nuru. Na sauti ya nyumba hii iwafikie huko ikiwa njema. Amina.