Sakafu ya Mama Pindo

Mbacha ni mkeka mkuukuu. Mtu huulalia miaka na miaka akausahau, hata siku akiukosa ndipo mbavu zinapomkumbusha.

Mbacha wa Mama Pindo, mshonaji aliyesifika kwa magauni yasiyokwenda upande, ulikuwa sakafu ya chumba chake cha kazi. Marehemu mumewe, fundi vigae, aliitandaza mwaka walipooana. Kila kigae kilibeba robo ya ua. Vinne vikikutana, ua hukamilika, na maua yakafuatana hivyo mpaka ukutani bila kuacha pengo. Akiwa amepiga magoti, mume alimtania mkewe, "Wewe robo, mimi robo. Hizo mbili zilizobaki tutazaa." Wakajaliwa binti mmoja tu, wakamdekeza kama yai.

Binti alipokaribia kuolewa, alianza kuionea haya sakafu ile.

"Mama, imepauka hii. Wateja watadhani tumeshafunga."

"Imepauka, lakini haijanikosea."

"Niachie mimi. Nitakuwekea ya kisasa, mpaka ujione uso."

Mama hakutaka kumvunja moyo. Mafundi wakaibomoa, vifusi wakavimwaga kwenye mashimo ya barabara. Sakafu mpya ilikuwa nyeupe pe, vigae vipana, viungo havionekani. Mama Pindo aliisifu kwa kila aliyeingia, ingawa usiku alilia kidogo.

Kisha akakata gauni la harusi la bintiye. Kitambaa kilikuwa cha maua makubwa, kipande cha mwisho dukani. Alikitandika chini kama alivyozoea, akakikunja, akatia mkasi. Binti alipolijaribu, ua la kulia lilikuwa limepanda begani na la kushoto limeteremka mbavuni.

"Mama, macho yanakusumbua?"

"Macho mazima, mwanangu." Mama Pindo aliketi sakafuni. "Tepu ilinipa urefu tu. Unyoofu nilikuwa nauchukua kwa baba yako, nakunja juu ya mstari wa vigae vyake, ua juu ya ua. Miaka yote nikidhani ni mkono wangu."

Binti alitoka mbio hadi barabarani. Magari yalikuwa yameshasaga vigae vyote vikawa vumbi jekundu. Alirudi mikono mitupu, akamkumbatia mamaye, wakalia pamoja.

Siku ya harusi alivaa gauni la kuazima. Lilimkaa vizuri, watu wakalisifu, na kesho yake likarudi kwa mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao.